Bomba Moja la Kaukeni

"Karatasi inaliwa na panya, inalowa, inachanika—"

"Panya hajawahi kula kura, Fulgensi. Panya anajiheshimu."

"—inajazwa na watu wenye vidole vichafu—"

"Watu. Umesema mwenyewe, watu. Wana wake, wana watoto, wana madeni dukani. Hiyo mashine yako ina mtoto?"

"Mzee Ngotolwa, niache nimalize sentensi."

"Kamalizie kwenye kompyuta yako, si ndiyo inajua kumaliza kila kitu?"

Walikuwa hivyo tangu wanashuka kwenye magari, kila mmoja na lake na kibendera chake. Huyu wa kwanza, kijana mwenye tai iliyobana shingo mpaka macho yametoka, ni Injinia Fulgensi, Mkurugenzi wa Kompyuta wa Tume ya Uchaguzi Mtulivu. Yule mwingine, mzee mwenye wino wa zambarau kwenye kucha zote kumi, ni Mzee Ngotolwa, Mkurugenzi wa Karatasi. Katikati yao, chini ya turubai, alikaa Mwenyekiti wa Tume, Jaji Mstaafu Bakilana, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akitoa kitu anakitazama kwanza, anafikiri, halafu anakirudisha mdomoni. Ndivyo alivyokuwa anaamua hata kesi, wanasema aliowahi kuwafunga jela.

Hayo yote yalikuwa kwenye uwanja wa zahanati yetu, Kata ya Kaukeni. Jina la nchi silitaji. Siyo woga. Ni kwamba nchi yetu inabadilishwa jina kila Mtukufu Kiongozi akiota ndoto, na nikiandika la leo, kesho naweza kushtakiwa kwa kuropoka habari za nchi jirani.

Sasa, kabla hamjaanza kuwaza mabaya. Kwetu kura haziibiwi. Hilo naomba lieleweke, maana wapo watu midomo yao haina breki. Kwetu kura zinarekebishwa. Fikiria mwenyewe: mwananchi anaenda kupiga kura ana njaa, jua linamchoma utosi, asubuhi kagombana na mkewe. Serikali inayompenda itaichukuaje kura ya mtu mwenye hasira ikaiacha hivyo hivyo? Kwa hiyo ipo Idara ya Marekebisho, watu wazima wenye ujuzi wao. Wapo wa kujaza masanduku. Wapo wa kuzima taa. Wapo wa kuzimia mlangoni ili askari waache lindo wakawabebe. Ni kazi ya kurithishana, baba anamfundisha mtoto kuzimia tangu mdogo, anaanzia kwenye godoro.

Ugomvi wa wale wakurugenzi wawili ulikuwa mmoja tu: nani arekebishe, mkono au mashine? Hakuna aliyesema kura ziachwe zilivyo. Eti kuna mtu aliwahi kusema hivyo kwenye semina, wakamcheka mpaka na yeye akaanza kucheka, akaenda kupanga foleni ya chakula.

Ugomvi ulipofika kwa Mtukufu Kiongozi, akaagiza lifanyike jaribio. Siku moja, kata moja, swali moja, mara mbili: kwanza kwa karatasi, halafu kwa kompyuta. Kata ikachaguliwa ya kwetu, na swali likapatikana hapa hapa. Wafadhili walituletea bomba la maji. Bomba moja. Je, lifungwe zahanati, au lifungwe kwenye gesti ya Diwani?

Diwani wetu ni mtu wa hoja. Alisimama akatueleza taratibu kama anawalisha uji watoto: "Ndugu zangu, tusiendeshwe na huruma. Mgeni wa gesti anaoga. Mgonjwa amelala tu. Nani kati ya hao ana matumizi ya maji?"

Jibu la swali, basi, lilikuwa linajulikana. Gesti. Lililokuwa halijulikani ni nani atatufikisha gesti kwa ustaarabu zaidi, Ngotolwa au Fulgensi. Hilo ndilo lililowatoa jasho.

*

Aliyekuwa hana habari na wakurugenzi ni Bi Zamoyoni.

Bi Zamoyoni anakaanga mihogo nyuma ya soko. Siku ile hakukaanga. Binti yake Tausi alishikwa na uchungu usiku, na zahanati yetu ina tangazo ukutani, limepakwa rangi nzuri kabisa: MJAMZITO AJE NA MAJI YAKE, WEMBE WAKE NA UVUMILIVU WAKE. Wembe alikuwa nao. Uvumilivu tutauona. Maji aliyafuata mtoni kabla jua halijatoka, na mto wetu siku hizi ni mchanga unaokumbuka maji. Unachimba, unasubiri, unachota kwa kikombe. Alirudi na dumu moja limejaa kichwani, binti yake kalala kwenye mkeka barazani pa zahanati, anang'ata ncha ya kanga.

Mlangoni akakutana na Mtendaji wa Kata, Bwana Lusasi, anahema kama mbwa.

"Bi Zamoyoni, hilo dumu taifa linalihitaji."

"Mwanangu analihitaji kwanza."

"Mama, mwanao ni nani na taifa ni nani?"

"Mwanangu ni yule pale kwenye mkeka. Hilo taifa mimi sijaliona."

"Limekuja na magari."

"Basi kama limekuja na magari si lina maji kwenye magari."

Na kweli watu wa Tume walikuwa nayo, makatoni kwa makatoni ya maji ya chupa. Dereva wa Jaji alikuwa kafungua chupa mbili anaosha matairi, na Injinia Fulgensi kasimama mguu mmoja, anamwagiwa kiatu. Lakini yale ni maji ya msafara. Jaribio lilihitaji maji ya wananchi, ili liwe shirikishi.

"Utarudishiwa," akasema Mtendaji, tayari kashika mpini wa dumu.

"Lini?"

"Mama, usiwe na siasa."

Akalichukua. Bi Zamoyoni akamfuata nyuma nyuma, mkono bado uko juu kichwani kana kwamba dumu lipo.

*

Maji yenyewe yalikuwa ya kazi gani? Nitawaambia, na msitapike.

Injinia Fulgensi alikuwa amedai kwamba masanduku ya kura ya zamani yana nyufa, na kwenye nyufa ndipo karatasi zinapopitishwa. Mzee Ngotolwa alikasirika kama katukaniwa mama. Masanduku yale, yale ya plastiki ngumu unaona mpaka ndani, aliyaagiza yeye.

"Nyufa?" akasema. "Sisi tukijaza, tunajaza kwa mlango wa mbele. Nyufa za nini?"

Akachukua sanduku moja, akaliweka mezani mbele ya Jaji, akainua dumu la Bi Zamoyoni, akamimina lote. Gudugudugudu. Kuna mzee mmoja pembeni yangu alimeza mate, nikasikia koo lake.

"Tazameni," akasema Mzee Ngotolwa. "Kuna tone? Pitisheni kidole huku chini. Kuna tone?"

Hapakuwa na tone.

"Atalibadilisha," akasema Fulgensi haraka. "Mheshimiwa, nawafahamu hawa, ukigeuza shingo tu watabadilisha sanduku. Naomba lifungwe kwa lakiri, likae mezani mpaka mwisho wa zoezi, tuone kama halitavuja."

"Lifungwe," akasema Jaji.

Likafungwa. Mfuniko, gundi kwenye tundu la kuingizia kura, lakiri nyekundu pande zote nne, na namba ikasomwa kwa sauti. Bi Zamoyoni akasogea mpaka kwenye kamba.

"Samahani, waheshimiwa. Maji yangu."

Jaji akamwangalia kwa upole. "Mama, yale siyo maji tena. Yale ni kielelezo. Mtu akigusa lakiri ya Tume anakwenda jela, hata mimi."

Bi Zamoyoni akarudi barazani, akamkuta Nesi Perpetua kasimama juu ya Tausi, mikono kainyanyua hewani, haigusi kitu.

"Yamefika?"

"Yamekuwa kielelezo."

Nesi Perpetua si mtu mbaya. Alilia kidogo, akajifutia machozi begani. "Mama, mikono hii imetoka kwa yule wa kidonda cha mguu. Unaona kucha? Nikimshika hivi, nitamzalisha leo na kumzika keshokutwa. Niletee maji, hata nusu."

*

Karatasi ndiyo ilianza. Tulipanga mstari, tukapewa karatasi yenye picha mbili, zahanati na gesti. Picha ya zahanati ilikuwa imepigwa mvua inanyesha na paa linavuja. Picha ya gesti ilikuwa na mwanamke anacheka.

Halafu Idara ya Marekebisho ikaingia kazini, na kwa kuwa lilikuwa jaribio walifanya mchana kweupe, waheshimiwa wanapiga makofi. Mzimiaji mkuu, jitu zima lenye nyota ya heshima kifuani, alianguka mlangoni vizuri mno, askari wote wakamkimbilia, na aliponyanyuliwa shati lake halikuwa na vumbi hata chembe. Wajazaji wakafuata. Wanalamba vidole ndiyo karatasi ziachane, wanakandamiza, wanalamba tena, na wamekula sambusa muda si mrefu. Kura zikawa zinaingia zina mate, zina mafuta, moja ina punje ya njegere. Mzee Ngotolwa alikuwa anawaangalia kama baba anayeangalia harusi.

"Hii ni ajira," akamwambia Jaji. "Mheshimiwa, kila punje ya njegere unayoiona pale ni ajira ya mtu."

Barazani Tausi akatoa sauti. Siyo kelele. Ni ile sauti ya mtu anayesukuma gari peke yake.

Jaji akageuza shingo. "Afande, nenda ukamwombe yule mama apunguze. Aambiwe tupo kwenye demokrasia."

*

Kisha kompyuta.

Kwanza liliwashwa jenereta, likatujazia moshi mpaka wagonjwa wodini wakakohoa kwa zamu. Ikatolewa mashine nyeupe, ndogo, safi, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi. Injinia Fulgensi akapanda kwenye kiti.

"Wananchi," akasema, "mbele yenu kuna mfumo. Mfumo huu hauna kabila. Hauna chama. Hauna tumbo. Mfumo haulambi vidole. Mfumo unakuelewa kuliko unavyojielewa wewe, kwa sababu wewe unabadilika na mfumo haubadiliki. Zamani tulikuwa tunasubiri mpige kura ndiyo tujue mnataka nini. Huo ulikuwa usumbufu kwenu. Umekwisha."

Watu wakapiga makofi, wengi kwa sababu alikuwa anashuka.

Wazee wetu wengine hawaoni vizuri, kwa hiyo akatakiwa mtu wa kuwasomea kwenye kioo. Nikasukumwa mbele mimi. Chuo nilisomea kompyuta, kipande. Kingine kimebaki huko huko. Kazi ikawa kusimama pembeni ya mashine na kusema inachosema.

Bi Zamoyoni alikuja wa kwanza. Hakupanga mstari, alipita tu, na hakuna aliyemzuia. Nadhani alifikiri kwamba zahanati ikishinda, bomba watalifunga hapo hapo. Mtu akiwa na haraka anaamini vitu.

Akabonyeza zahanati.

"Inauliza una uhakika," nikamwambia.

"Iambie ninao."

Nikabonyeza ndiyo. "Inauliza umefikiria maendeleo?"

"Iambie nimefikiria mjukuu."

Hakukuwa na sehemu ya mjukuu. Nikabonyeza ndiyo. "Inasema tena, mama. Inasema watu wenye busara wa umri wako walichagua gesti."

"Mwanangu, hao wenye umri wangu niliokuwa nao wamekufa. Bonyeza zahanati."

Nikabonyeza. Mashine ikatulia, ikazungusha kaduara kake, ikapiga kengele ndogo ya furaha.

"Inasema asante kwa kuchagua gesti. Inakutakia siku njema."

Akaniangalia. Si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. "Iulize aliyechagua ni nani."

Nilikitafuta kitufe cha kuuliza. Nilitafuta mbele, nikatafuta nyuma, nikanyanyua na kitambaa. Hakipo. Injinia Fulgensi akanigonga bega: "Endelea na mwingine, usiichoshe mashine."

*

Matokeo yakasomwa jua likiwa katikati.

Kwa karatasi, gesti ilishinda kwa kura nyingi kuliko watu wa Kaukeni, ukiweka na wa kata jirani, ukiweka na waliolala makaburini, ukiweka na mbuzi. Zahanati ilipata kura moja, ambayo Mzee Ngotolwa alisema aliiacha makusudi, kwa ajili ya ladha.

Kwa kompyuta, gesti ilishinda kwa asilimia tisini na nane nukta sita tatu.

"Nukta," akasema Jaji Bakilana. Akatoa njiti mdomoni. "Rudia hapo kwenye nukta."

Fulgensi akarudia.

"Ngotolwa, miaka yote hii hujawahi kuniletea nukta."

Mzee Ngotolwa akasimama. "Mheshimiwa, nukta mtu anaizimiaje?"

Hapo ndipo shauri lilipokwisha. Jaji akavaa miwani, akatoa uamuzi ambao alikuja nao umeshaandikwa. Kuanzia sasa taifa litapiga kura kwa kompyuta. Karatasi inapumzishwa kwa heshima zote. Ili pasiwe na manung'uniko, watumishi wote wa Idara ya Marekebisho watapangiwa kazi mpya ya kuisindikiza mashine: wawili wa kuishika mikono, mmoja wa kuifuta jasho, na mzimiaji mkuu atazimia mbele yake pale itakapokwama. Watu wa Idara wakashangilia. Mzee Ngotolwa akakaa chini, akaanza kusugua wino kwenye kucha zake kwa mate. Hautoki ule.

Halafu akainua uso, akaliona sanduku. Lilikuwa pale pale mezani, na jua linapita ndani yake. Lakiri zote nne nzima. Maji yamesimama kwenye mstari ule ule, safi, na mchanga kidogo wa mtoni umetulia chini.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ikamrudia. "Tazama kwanza. Hata tone. Kilichoingia asubuhi ndicho kilichomo sasa hivi. Mashine yake inaweza hivyo?"

Uwanja mzima ukatazama. Nawaambia kweli, katika historia ya nchi yetu haikuwahi kutokea, sanduku la kura likatunza kile kile lilichowekewa. Hata Fulgensi alilegeza tai.

Jaji alilitazama kwa chuki kidogo.

"Ndiyo sababu tunaachana nalo," akasema.

*

Ilibaki sehemu ya wananchi. Kwetu hairuhusiwi kufunga mkutano bila sehemu ya wananchi. Mtendaji Lusasi alikuwa amemwandaa mtu wa kupongeza, kavaa na koti, lakini kabla hajafungua mdomo Bi Zamoyoni alishapita chini ya kamba. Nyuma yake, barazani, Nesi Perpetua alikuwa amepiga magoti mbele ya Tausi, mikono bado iko juu, anasema, "Usisukume, mama, usisukume, subiri kidogo," na Tausi anasema hawezi kusubiri, si yeye anayesukuma.

Askari wakajipanga. Waheshimiwa wakanong'onezana. Mambo haya wanayajua, wana majibu yake. Akitaka kura zihesabiwe tena, jibu ni kwamba mashine haihesabu mara mbili, inaona ni dharau. Akitaka kwenda mahakamani, jibu ni kwamba mahakama ndiyo hiyo imekaa pale inachokonoa meno. Akitaka uchaguzi urudiwe, jibu ni askari.

"Mama," akasema Jaji, akamkatisha kabla hajaanza, "matokeo hayabadilishwi."

"Sijaja kwa matokeo, mheshimiwa."

"Na bomba limeshapata kwao."

"Mpelekeeni Diwani, aogeshe wageni wake."

"Sasa malalamiko yako ni nini?"

"Sina. Nina ombi."

Fulgensi akatoa kalamu. Mzee Ngotolwa akaacha kusugua kucha. Yule mtu wa kupongeza akavua koti polepole. Bi Zamoyoni akaweka kiganja juu ya mfuniko, hapo hapo kwenye lakiri ya Tume, wala hakuangalia askari.

"Kura kaeni nazo zote," akasema. "Za karatasi na za mashine, na hiyo nukta. Mimi naomba hili sanduku. Mtoto ameshatoa kichwa, na nesi hajanawa mikono."